Tai na Maandishi ya Kiarabu: Kuisoma Sarafu Iliyotoka Ardhini

Mkulima wa Handeni au Korogwe alimapo shamba lililo karibu na njia ya zamani, au mahali palipokuwa na kijiji kilichohamishwa, huenda jembe lake likaibua kipande cha madini cha mviringo, chembamba, chenye rangi ya kijani kibichi. Kikipanguswa udongo, upande mmoja huonekana ndege aliyekunjua mabawa. Upande wa pili huonekana shada la majani, na ndani yake maandishi ya Kiarabu. Ndege huyo ni nani? Maandishi hayo yanasema nini? Na kitu chenye sura ya Ulaya upande mmoja na ya Kiislamu upande mwingine kilifikaje katika udongo wa Uzigua?

Maswali hayo ni mazuri, na kila moja lina jibu. Lakini mara nyingi kitu cha namna hii hakifiki kwa mtu wa kukisoma. Husuguliwa kwa mchanga mpaka king'ae, huuzwa kwa siri, au huchukuliwa kuwa dalili ya hazina iliyofichwa, na shimo huanza kuchimbwa. Makala haya yaeleza jinsi mwanasayansi anavyokisoma kitu kama hicho hatua kwa hatua, na sababu za kusema kwamba mahali kilipolala kina thamani kama kitu chenyewe.

KITU KIMETENGENEZWAJE?

Hatua ya kwanza ni kutazama kabla ya kukisia. Kipande tunachokizungumzia kina upana wa milimita 25 hivi na uzito wa gramu 6 na nusu hivi. Ni cha shaba nyekundu. Ukingo wake ni sawasawa pande zote, na herufi zake zimeinuka kwa kimo kimoja.

Vitu vya madini vyenye nakshi hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Kitu kilichosubiwa huwa na vitundu vidogo vya hewa, na pengine mshono pale kalibu mbili zilipokutana. Njia ya pili ni kupiga chapa: kipande bapa huwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kisha hugandamizwa kwa nguvu kubwa. Alama zake huwa kali, na uso wake huwa laini. Kipande chetu kimepigwa chapa kwa mashine. Kwa hiyo, kabla hata ya kusoma herufi moja, twajua kwamba kilitoka katika kiwanda, na kwamba vingine vingi vinavyofanana nacho vilitengenezwa pamoja nacho. Kitu kilichotengenezwa kwa maelfu hakiwezi kuwa alama ya siri ya mtu mmoja.

KUSOMA MAANDISHI NA MIAKA

Kuzunguka ndege huyo kuna maneno ya Kijerumani: Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Hilo ni jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa na Carl Peters na wenzake mwaka 1885. Ndege ni tai, nembo ya Dola ya Ujerumani. Upande wa pili maandishi ya Kiarabu yana maana ya Shirika la Ujerumani, na neno lililotumika ni ndugu wa neno letu shirika. Chini yake kuna mwaka wa Hijria: 1307, 1308 au 1309.

Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Njia rahisi ya kuukadiria mwaka wa kawaida ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha kuongeza 622. Mwanafunzi akifanya hivyo kwa 1307 atapata 1889.8, yaani mwisho wa 1889 au mwaka 1890. Upande wa tai umeandikwa 1890. Pande mbili, zilizoandikwa kwa lugha mbili na kwa kalenda mbili, zinakubaliana. Mtafiti hufurahi sana apatapo ushahidi wa namna hii, maana kila upande ni shahidi wa mwenzake.

Basi kitu hiki ni pesa moja, sarafu ndogo ya shaba iliyotolewa na kampuni hiyo kati ya 1890 na 1892. Pesa 64 zilifanya rupia moja ya fedha.

KWA NINI KIARABU?

Wajerumani hawakuandika Kiarabu kwa mapambo. Watu wa pwani waliojua kusoma walisoma hati za Kiarabu, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati hizo kwa karne nyingi. Tena watu walikuwa wamekwisha kuzoea sarafu za namna hiyo. Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa ya shaba yenye picha ya mizani na mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa Mombasa nayo ilitoa pesa yenye mizani, mwaka 1888. Mgeni aliyetaka sarafu yake ipokewe sokoni ilimbidi aifananishe na ile iliyokwisha kuaminiwa.

Yafaa kukumbuka wakati wenyewe. Mwaka 1888 watu wa pwani walisimama kuipinga kampuni hii, na huko Pangani waliongozwa na Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Sarafu zenye tai na Kiarabu zilianza kutolewa mwaka uliofuata. Kwa hiyo kipande hiki kidogo kinaonyesha jambo ambalo barua za watawala hazilisemi waziwazi: waliokuwa wameshinda kwa bunduki walihitaji bado kuazima lugha na desturi za walioshindwa ili biashara iendelee.

SARAFU ILIFIKAJE HANDENI NA KOROGWE?

Katika karne ya 19 njia za misafara zilipanda kutoka Pangani zikifuata mto, zikapita katika eneo la Korogwe na Mazinde, alikokaa mtawala Semboja, hata kufikia Upare na Kilimanjaro. Njia nyingine zilitoka Pangani na Saadani zikakata nchi ya Wazigua kuelekea bara. Katika njia hizo shanga, vitambaa na sarafu vilibadilishwa kwa pembe za ndovu na vyakula.

Baadaye yalikuja mambo mawili yaliyozifanya sarafu zienee mpaka vijijini. La kwanza ni reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kando ya reli kulifunguliwa mashamba makubwa ya katani, na vibarua walilipwa kwa sarafu. La pili ni kodi ya kibanda iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Kiwango cha shamba kilikuwa rupia 3 kwa nyumba, yaani pesa 192 kwa hesabu ya wakati ule. Hapo mwanzo kodi iliweza kulipwa hata kwa mazao au kwa kazi, lakini hatimaye ilidaiwa kwa fedha taslimu. Mtu ambaye hakuwa na haja ya sarafu alilazimika kuitafuta.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilianza kutoa sarafu mpya. Rupia iligawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64, na Kiarabu kikaondolewa. Ndiyo asili ya neno hela, litumikalo mpaka leo. Neno pesa lilitoka India kabla ya hapo. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kutumika mwaka 1922, sarafu za Kijerumani zilikuwa zimepitwa na wakati, lakini maneno mawili yalibaki vinywani mwa watu.

MWAKA ULIOANDIKWA SI MWAKA WA KUZIKWA

Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Sarafu ya 1890 ikipatikana chini ya sakafu ya nyumba ya kale, haifuati kwamba nyumba ilijengwa 1890. Sarafu hutuambia jambo moja la hakika: haikuweza kuanguka hapo kabla ya mwaka ilipotengenezwa. Yaweza kuwa ilianguka mwaka uleule, au miaka 30 baadaye.

Mfano mzuri ni riale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika sana katika biashara ya Afrika ya Mashariki. Riale hiyo imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Lakini wafanyabiashara waliizoea hata wakakataa nyingine, na kwa hiyo iliendelea kupigwa chapa kwa miaka mingi sana baadaye, daima ikiandikwa 1780. Anayetegemea tarakimu peke yake atadanganyika kwa zaidi ya karne nzima.

Dalili nyingine husaidia. Sarafu iliyochakaa hata herufi zikafifia ilipita katika mikono mingi kabla ya kupotea. Iliyo kali bado ilipotea mapema. Tundu nalo lina maana. Sarafu ya heller 10, iliyotolewa tangu 1908, ilitengenezwa kiwandani ikiwa na tundu la mviringo katikati kabisa. Lakini tundu lililo karibu na ukingo, lenye kingo za kukwaruza, lilitobolewa kwa msumari na mtu aliyetaka kuitungika sarafu shingoni. Hapo haikuwa fedha tena. Ilikuwa pambo, na labda la mtoto.

MADINI NA KUTU

Rangi ya kijani si sehemu ya nakshi. Shaba ikikaa ardhini huungana kwanza na oksijeni na kufanya oksidi yenye wekundu. Kisha maji na kaboni dioksidi ya udongoni huifanya kaboneti ya shaba, ambayo ni ya kijani. Mahali penye chumvi nyingi huweza kutokea kloridi za shaba, ambazo huendelea kuila sarafu hata baada ya kutolewa ardhini na huonekana kama unga mwepesi wa kijani. Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa. Dhahabu haibadiliki.

Ganda hilo la kijani lina ushahidi ndani yake. Chumvi za shaba huzuia vijidudu vinavyoozesha, na hivyo nyuzi za kitambaa au ngozi zilizogusana na sarafu huweza kuhifadhiwa katika kutu. Anayeisugua sarafu kwa mchanga, au kuitumbukiza katika ndimu au tindikali, huenda anafuta alama za mfuko ilimofungwa. Hukusudia kuipendezesha, naye huipunguzia maneno.

Je, mtu atajuaje aina ya madini bila kuikwaruza? Njia iko katika kila maabara ya shule. Densiti ni uzito wa sentimeta moja ya ujazo ya kitu. Pima sarafu hewani kwa mizani nzuri. Kisha ifunge kwa uzi mwembamba, uining'inize ndani ya maji bila kugusa chombo, na upime tena. Tofauti ya gramu katika vipimo hivyo viwili ni sawa na ujazo wake kwa sentimeta za ujazo, kama alivyogundua Archimedes. Gawanya uzito wa kwanza kwa ujazo huo.

Shaba hutoa 8.9 hivi, fedha safi 10.5, risasi 11.3, na dhahabu safi 19.3. Mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao hung'aa njano, hutoa 8.5 hivi. Rupia ya Kijerumani ilikuwa na gramu 11.66, na sehemu 917 katika 1,000 zilikuwa fedha, zilizobaki zikiwa shaba. Ikining'inizwa majini, mizani itapungua kwa gramu 1.13 hivi, na densiti itakuwa karibu 10.3. Kitu cha njano kinachouzwa kwa jina la dhahabu, nacho kina densiti ya 8.5, si dhahabu, hata muuzaji aape namna gani. Jaribio hili lisilochukua hata kipindi kimoja laweza kuokoa akiba ya mwaka mzima.

MADAI YA HAZINA YA WAJERUMANI

Katika sehemu nyingi za Tanzania husimuliwa kwamba Wajerumani, waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walizika masanduku ya mali na kuacha alama za kuyarudia. Handeni na Korogwe ni mahali ambapo masimulizi hayo huota kwa urahisi, kwa kuwa majeshi yalipita huko kweli. Korogwe na Handeni zilichukuliwa na majeshi ya Uingereza mwezi wa Juni 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Kwa hiyo sarafu moja ya tai hutosha kuwasha moto wa matumaini.

Yafaa kuyapima madai hayo kwa ushahidi. Meli za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na sarafu mpya hazikuweza kuletwa kwa wingi kutoka Ujerumani. Koloni lilipungukiwa na fedha. Kuanzia mwaka 1915 serikali ilichapisha noti za dharura humuhumu nchini. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, zilipigwa chapa sarafu za heller 5 na heller 20 kwa madini yaliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga, pamoja na kiasi kidogo cha sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu. Je, serikali iliyofikia kuyeyusha maganda ya risasi ili ipate vihela vya kulipa ingezika masanduku ya fedha katika kila kilima?

Sarafu ya shamba ina maelezo mepesi zaidi. Pesa moja ilikuwa fedha ya chini kabisa. Ilianguka sokoni, ilitoka katika pindo la kanga, ilisahauliwa chini ya mkeka. Watu huzika kwa uangalifu vitu vya thamani kubwa; vya thamani ndogo huvipoteza. Kwa hiyo pesa ya shaba ni dalili ya maisha ya kila siku ya watu wa hapo, nayo haielekezi kwenye sanduku. Na jiwe lililochongwa namba juu ya kilima laweza kuwa alama ya mpima ardhi tu. Kuling'oa ni kuharibu vipimo vya mipaka ambavyo kijiji chenyewe kitavihitaji.

Iko hatari nyingine. Pale majeshi yalipopigana huweza kubaki risasi na makombora. Kitu kizito cha madini chenye umbo la chupa au yai kisipigwe wala kusogezwa, polisi waarifiwe.

MAHALI NI NUSU YA USHAHIDI

Sarafu nyingine za pwani yetu zaonyesha jambo hili waziwazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitambuliwa huko Zimbabwe Kuu sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, Sultani wa Kilwa wa karne ya 14. Thamani yake sokoni ilikuwa ndogo, lakini kwa kuwa ilijulikana imetoka katika magofu hayo, ilikuwa shahidi wa uhusiano kati ya Kilwa na mji uliokuwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,500.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota mchangani, katika kisiwa kimoja cha Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, sarafu 5 za Kilwa pamoja na 4 za Kiholanzi. Sarafu ni za kweli. Lakini ziliokotwa bila kuchunguza tabaka la ardhi zilimolala wala vitu vilivyokuwa pamoja nazo. Zilifika na nani, tena lini? Mpaka leo wataalamu wabishana.

Korogwe yenyewe ina mfano wake. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alichunguza makazi ya kale ya Usambara na Upare, na vigae vya vyungu vikaonyesha kwamba wafua chuma na wakulima waliishi huko tangu karne za mwanzo za zama hizi. Katika miaka ya 2000 Jonathan Walz alichunguza bonde la mto Pangani, likiwemo eneo la Mombo, na shanga na makombe ya baharini vikaonyesha kwamba bara na pwani vilikuwa na mawasiliano karne nyingi kabla ya misafara ya karne ya 19. Hakuna aliyeweza kutajirika kwa vigae hivyo wala kwa makombe hayo. Vilileta historia ya watu wasioacha maandishi kwa sababu kila kimoja kiliandikiwa mahali na kina kilipotoka. Mchimba hazina apitapo katika tabaka hizo kwa sururu, huzichanganya zote, na hakuna utaalamu uwezao kuzipanga tena.

NINI KIFANYIKE?

Mwanafunzi au mkulima akiona kitu cha namna hii asiendelee kuchimba. Aandike mahali penyewe: kitongoji, umbali kutoka mti, njia au mto unaojulikana, kina chake kwa sentimeta, na vitu vilivyo karibu kama vigae, mkaa au mavi ya chuma. Akichore au akipige picha pande zote mbili, huku kipimio kikiwa kando. Kama kimekwisha kutoka, akitie katika karatasi kavu bila kukiosha. Kisha atoe habari kwa mwalimu, kwa ofisa utamaduni wa wilaya, au kwa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni.

Pesa ya tai haimtajirishi aliyeiokota. Lakini iliyoandikiwa mahali pake yaweza kuonyesha njia ya msafara iliyopotea, uwanja wa soko lililosahauliwa, au makazi ya watu waliotafuta rupia 3 za kodi. Vitu hivyo vikichimbwa ovyo mara moja, haviwezi kuzikwa upya.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Sarafu imeandikwa mwaka wa Hijria 1299. Kadiria mwaka wake wa kawaida.

2. Kitu cha njano kina uzito wa gramu 17 hewani na gramu 15 kikiwa ndani ya maji. Tafuta densiti yake. Je, yaweza kuwa dhahabu safi?

3. Katika shimo moja la takataka za kale zimepatikana riale ya 1780, pesa ya 1891 na heller ya 1906. Kama tabaka halikuvurugwa, ni mwaka gani ambao kabla yake takataka hizo hazikuweza kumalizika kutupwa? Toa sababu.